Ramani Kwenye Gari la King'ora

Mtaani walimwita Cheche, na wateja waliokuja mara ya kwanza waliulizia jina hilo hilo, kisha wakasita kidogo walipoona anayetoka chini ya usukani ni mwanamke wa makamo, mfupi, kitambaa kichwani na bisibisi mbili kwenye mfuko wa ovaroli. Alikuwa fundi umeme wa magari. Nyuma ya kituo cha mafuta palikuwa na safu ya vibanda vya mafundi: cha kwanza cha mpiga rangi, cha pili cha fundi bodi, mwanamume ambaye nyundo yake ilisema zaidi kuliko mdomo wake, na cha tatu ndicho kilikuwa cha Cheche. Humo mlikuwa na benchi moja, chaja ya betri, na waya za kila rangi zilizoning'inia ukutani kama nywele za mtu asiyejua chanuo.

Ufundi hakuuokota njiani. Baba yake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali kubwa ya mji, na Cheche alipokuwa msichana, mama yake alitamani awe muuguzi. Likizo moja akampeleka hospitalini azoee kuona damu bila kuzimia. Mtoto akapotea wodini, akaonekana karakanani, amemshikia taa fundi umeme wa hospitali huku anauliza kila waya unakwenda wapi. Jioni mama akawaambia majirani, "Nilimtuma mtoto akalete dawa, amenirudia na betri." Walicheka, lakini jambo lilikuwa limeshakwisha.

Baba mwenyewe watu walimwita King'ora. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na mji mzima ulikuwa kichwani mwake. Alijua kichochoro cha nyuma ya soko kinachopitisha gari endapo wauza ndoo watasogeza vitu vyao, alijua mtaa unaojaa maji mvua ikinyesha, alijua geti la reli hufungwa wakati gani na namna ya kulikwepa. Hospitalini palikuwa na usemi kwamba ukishapandishwa kwenye gari la King'ora, umeshapona nusu. Yeye hakuupenda usemi huo. Alisema wapo aliowawahisha wakafa vilevile, na wapo aliowachelewesha wakapona, ila kazi ya dereva ni kufika.

Alipostaafu akajinunulia gari dogo la rangi ya fedha, lililokwisha kutumika na watu wengine kabla yake, akalitunza kama mboni ya jicho. Mkewe alilipanda miaka michache tu, kisha akaugua na kufariki. Ndoa ya Cheche nayo ilikuwa imeshavunjika, kwa hiyo akafunga nguo zake akarudi nyumbani, wakawa wawili. Asubuhi baba alichemsha chai, binti akakata mkate. Baba alimpeleka kazini kwa gari, akaenda kwa kinyozi, akawatembelea wenzake wa zamani, akarudi mchana, akalipangusa gari vumbi hata pale ambapo hapakuwa na vumbi. Haikuwa raha ya kuimbiwa nyimbo, lakini ilikuwa raha.

Dalili ya mvua ni mawingu. Siku moja alikwenda kuchukua miwani yake mpya, akarudi jioni bila miwani. Akaeleza kwamba barabara ilifungwa, akazungushwa mpaka mwisho wa mji. Cheche hakutilia shaka. Barabara kweli hufungwa. Wiki nyingine alimshusha binti yake mbele ya kiwanda cha mbao badala ya gereji, akasema amechoka na utani wa fundi bodi, kwa hiyo amemshusha mbali. Fundi bodi hakuwahi kutania mtu tangu azaliwe. Cheche alitembea kutoka pale hadi kibandani akijiambia kwamba mzee ameamua kuwa mcheshi uzeeni.

Kisha likaja la mjukuu. Kaka yake Cheche, mkubwa wake, alikuwa msimamizi wa ghala upande wa pili wa mji. Alikuwa na binti mdogo aliyesoma shule isiyo mbali na nyumbani kwa babu, na siku ambazo wazazi walibanwa na kazi, babu ndiye aliyemchukua. Siku hiyo mtoto alisubiri getini mpaka mlinzi akampa kiti chake. Watu wakatafutana kwa simu. King'ora alipatikana amesimama kwenye geti la shule nyingine, ile waliyosoma Cheche na kaka yake walipokuwa wadogo, akimbishia mlinzi kwamba ana watoto wawili humo ndani, wa kiume na wa kike, na hatoki bila wao.

Kaka alifika nyumbani jioni ile uso umemvimba kwa hasira, na ndani ya hasira mlikuwa na woga. Hakumkaripia baba. Alimvuta dada yake jikoni akamwambia funguo za gari zifichwe kuanzia leo. Cheche akasema kwanza waende kwa daktari. Wakaenda wote watatu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza mzee maswali, akamwambia achore saa, akamtaka ataje vitu alivyotajiwa mwanzo. Mzee alitaja viwili, akatabasamu kwa aibu, akasema vingine vimeshuka njiani. Daktari akawaeleza wanawe kwamba huu si uzee mtupu, ni ugonjwa wa kusahau, nao haurudi nyuma. Kuhusu gari alisema kwa sasa anaweza kwenda safari fupi za mchana, katika njia alizozizoea, lakini wajiandae, kwa kuwa siku ya kuacha itakuja na haitapiga hodi. Wakatoka pale kila mmoja na lake. Cheche alikuwa ameshika neno "kwa sasa". Kaka alikuwa ameshika neno "wajiandae".

Ndipo Cheche alipoanza kuwaza habari ya ramani. Kwanza alimwekea baba yake simu kwenye kioo cha mbele, yenye ramani ya kumwelekeza. Mzee akaibandua siku hiyohiyo. Alisema gari si mti wa kutundikia vitu, na tena haelekezwi na simu katika mji alimowapitisha watu wa kufa na kupona. Cheche akaelewa kwamba kitu chochote kitakachoonekana kimebandikwa kwa ajili ya ugonjwa wake, atakibandua. Ilibidi kiwe kitu cha gari lenyewe.

Na kilikuwapo. Magari ya aina ile yalitoka kiwandani ya namna mbili. Ya watu wa kawaida yalikuwa na redio ya vibonye, na ya wenye uwezo yalikuwa na mtambo wa ramani, wenye kioo kipana, uliokaa palepale pa redio. Tundu kwenye dashibodi lilikuwa lilelile, na fremu ilikuwa ya rangi ileile ya majivu. Ukiuweka, mtu angeapa gari lilizaliwa nao.

Alikwenda kwa muuza vipuri vya ng'ambo ambaye wote walimwita Kontena, maana kila ukimuuliza kitu, jibu lake lilikuwa kwamba kipo kwenye kontena. Akamweleza anachotaka: mtambo wa kiwanda, wa mwaka wa gari lile, pamoja na antena yake na kipande cha waya kilichokatwa kwa urefu, si kwa ubahili. Kontena akamshauri achukue redio mpya za bei rahisi zilizojaa madukani, zinacheza hadi sinema. Cheche akasema baba yake haendi kuangalia sinema. Akasubiri. Mvua zikaanza zikaisha. Kaka akapiga simu kila wiki kuuliza funguo ziko wapi, naye akajibu kwamba zipo.

Mtambo ulipofika ulikuwa umefungwa kwa gazeti la lugha asiyoijua, na pembeni ulikuwa na mkwaruzo mdogo. Cheche aliukagua mezani kama mkunga anavyokagua mtoto. Jioni hiyo, baba akiwa ndani, alifungua kisanduku cha fyuzi za gari, akachomoa fyuzi ya redio, akaitia mfukoni. Asubuhi mzee alipowasha, redio ilikuwa kimya.

"Redio imekufa, baba," Cheche alisema. "Leo tuje nayo gereji, nikubadilishie."

Mzee alibonyeza vibonye kimojakimoja, akamtazama, akasema sawa.

Kazi ile ilimchukua siku nzima, na King'ora alikaa pembeni kwenye kiti cha fundi bodi akiiangalia. Cheche alitenganisha betri. Akabandua fremu kwa kipande cha plastiki ili asiikwaruze, akafungua skrubu, akaivuta redio ya zamani ikatoka na mkia wake wa waya. Plagi za mtambo mpya hazikuingiliana na za gari, kwa hiyo akakaa chini kuzikata na kuziunganisha moja baada ya nyingine kwa lehemu, si kwa kusokota na kufunga utepe kama wafanyavyo wenye haraka. Antena ya setilaiti, kidude kidogo kama kipande cha sabuni, aliificha chini ya dashibodi karibu na kioo ili ione mbingu bila yenyewe kuonekana. Akavuta waya wa taa ya rivasi kutoka nyuma, na waya wa mwendo kutoka chini ya usukani, ili mtambo ujue gari linakimbia kiasi gani. Baba yake alimuuliza mara moja tu, redio ya nini inataka kujua mwendo. Cheche akasema redio za siku hizi ni wambea. Mzee akacheka, na fundi bodi naye, kwa mshangao wa wote, akacheka.

Alipourudisha umeme, kioo kiliwaka kikadai namba ya siri. Kontena, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa ameiandika na kuituma pamoja na mzigo. Mtambo ukafunguka. Lakini ramani iliyokuwamo ilikuwa ya nchi ulikotoka, na gari la King'ora likaonekana kama kimshale kinachoelea kwenye weupe mtupu, bila barabara, bila mto, bila jina. Mzee alisogea akakiangalia kile kimshale kwa muda mrefu. "Huyu naye amepotea," akasema, akarudi kukaa.

Cheche alijifanya anatafuta koleo. Alijikaza kisabuni mpaka macho yakakauka.

Kijana wa duka la kompyuta ndiye aliyemtengenezea kadi ya ramani ya mji wao, yenye sauti ya mwanamke anayesema Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Cheche akaweka nyumbani, gereji, kwa kinyozi, kliniki, shule ya mjukuu na nyumba ya rafiki wa baba, mhudumu mstaafu wa chumba cha maiti. Kila mahali ni kubonyeza picha moja tu. Jioni wakarudi nyumbani kwa maelekezo ya mwanamke yule, baba akiendesha, binti pembeni, mikono yake ameikalia ili isiukimbilie usukani.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na hata baadaye, mambo yalipoharibika, Cheche hakukubali mtu aseme kwamba haikuwa. Mzee alirudi kuwa dereva. Alimzoea yule wa ndani ya mtambo, akamwita "yule mama", na alibishana naye kama alivyokuwa akibishana na wauguzi enzi zake. Akiambiwa apinde kulia, husema yule mama hajui kuwa hapo pana mtaro, kisha hupinda kulia. Akimaliza kuelekezwa, humshukuru. Alikwenda kwa kinyozi akarudi amenyolewa. Alikwenda kwa rafiki yake wakacheza bao. Siku moja alimletea Cheche maembe gereji bila kuombwa, akaegesha sawasawa, akapiga honi mara moja, na Cheche akahisi kifua kinamfunguka kama dirisha lililokwama.

Kaka hakufurahishwa. Alikuja nyumbani akauona mtambo, akautazama, akamwambia dada yake waende uani. Akasema kipofu humpi fimbo ukamwelekeza mtoni. Akasema ramani inaweza kumwambia mzee barabara iko wapi, lakini haimwambii mtoto amevuka mbele yake. Cheche akajibu kwamba yeye ndiye anayelala nyumba moja na baba, na akimnyang'anya funguo ndiye atakayemwangalia akikaa kitini siku nzima kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Maneno yakapandana. Kaka akasema Cheche hampendi baba kuliko anavyompenda yeye. Cheche akasema mapenzi ya simu ni rahisi. Lilikuwa neno baya, naye alijua ni baya kabla halijamaliza kutoka. Kaka aliondoka bila kuaga, na simu za kila wiki zikakoma.

Siku ilipokuja haikupiga hodi, kama daktari alivyosema. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limekaa juu ya paa za vibanda, na Cheche alikuwa ameingiza kichwa chini ya dashibodi ya lori. Simu ikaita. Alikuwa mshonaji, jirani yao wa upande wa pili wa barabara, ambaye cherehani yake ilitazamana na geti lao. Alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kuonekana mmbea.

"Dada, baba yako yupo hapa nje kwenye gari. Yupo tangu asubuhi. Nimemwendea nimemsalimu, ameitikia vizuri tu, ila hataki kushuka. Naona jua limekuwa kali."

Cheche alitoka na ovaroli yake vilevile. Fundi bodi alimwona uso wake, akaweka nyundo chini, akampeleka kwa pikipiki yake bila kuuliza.

Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri mbele ya geti la nyumbani, taa za kuegesha zinapepesa kwa unyonge kwa sababu betri ilikuwa inakwisha. Vioo vilikuwa vimefungwa. King'ora alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shati limelowa mgongoni, midomo imekauka. Cheche alifungua mlango wa abiria akaketi kando yake. Joto la humo ndani lilimpiga usoni kama la jiko. Akamuuliza kwa nini hashuki.

"Namsubiri mtu atoke aniambie," mzee alisema. "Yule mama kasema nimefika. Nimemuuliza tena, kasema nimefika. Lakini hapa si kwetu."

"Ni kwetu, baba. Lile geti letu."

Mzee alilitazama geti. Lilikuwa geti jeusi la chuma, alilolisimika mwenyewe pamoja na mchomeleaji baada ya kustaafu. Alilitazama kwa adabu, kama mtu anayeangalia picha ya watoto wa mwenziwe.

"Kwetu mlango wa mbao," akasema. "Halafu nimepiga honi. Mama yako akisikia honi hutoka, hata kama unga uko mikononi. Nimepiga, nimepiga. Hakutoka mtu."

Cheche alikitazama kimshale kwenye kioo cha mtambo. Alifahamu wakati ule kwamba kazi yake ilikuwa imefanywa vizuri, kila waya ulikuwa mahali pake, kimshale kilikuwa kimesimama sawasawa mbele ya nyumba, na mtambo haukukosea hata hatua. Baba yake alikuwa amefikishwa. Ila mahali alipokuwa anakwenda hapakuwa kwenye kadi yoyote, wala hapakuwa na fundi wa kupaweka.

Alifungua vioo. Mshonaji akaleta maji kwenye kikombe, akampa mzee, akarudi kwake haraka na kuanza kushona kitu ambacho hakikuwa na haraka. Walikaa hapo mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye gari. Polepole mzee akaanza kurudi, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Akaitazama ovaroli ya binti yake, akalitazama geti. Akalitambua. Cheche aliona anavyolitambua, na angetoa chochote asilione lile lililopita usoni mwake.

King'ora alizima taa, akachomoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha binti yake na kukikunja kiganja kile kwa mikono yake mikubwa.

"Redio haikuwa imekufa," akasema. "Niliangalia kisanduku cha fyuzi siku ile ile. Nafasi ilikuwa tupu."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umehangaika." Akautazama mtambo. "Na mimi nilitaka kuendesha, mwanangu. Nilitaka kidogo tu tena. Sasa basi. Mpigie kaka yako, umwambie funguo unazo wewe."

Cheche alimpigia. Alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba alionywa. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, na Cheche akagundua kwamba upande wa pili kaka yake analia na anajaribu kuuziba mdomo wa simu. Alifika kabla ya magharibi. Alimkuta baba amelala, akamkuta dada yake barazani, akakaa kwenye ngazi karibu naye. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Kaka alimuuliza kama amekula, akaingia jikoni akachemsha chai akiwa na tai shingoni.

Toka siku hiyo Cheche ndiye aliyeendesha. Kila jioni alifunga kibanda mapema, akamtoa baba yake kumzungusha mjini, maana akikaa ndani alikuwa anaanza kutafuta viatu na kusema amechelewa zamu. Mzee alikaa kiti cha abiria, mkono dirishani. Mwanzoni alitaja mitaa, mingine kwa majina yaliyokuwa yamebadilishwa zamani. Kisha akawa anaonyesha kwa kidole bila kutaja. Kisha hata kidole kikapumzika. Yule mama wa mtambo Cheche alikuwa amemzima sauti.

Jioni moja mvua ilikuwa imenyesha, wakakwama kwenye foleni karibu na reli, na Cheche alikuwa amechoka, siku imekuwa mbaya, akainamisha kichwa kwenye usukani. Akasikia mkono umeshika bega lake. Baba yake alikuwa anamtazama kwa upole ule wa kazini, upole ambao yeye kama mtoto wake hakuwahi kuuona, kwa kuwa ulikuwa wa wagonjwa tu.

"Kaza moyo, mama," alimwambia. "Tunakaribia. Hapa pakifunguka tu, tunafika."

Hakuwa anamjua. Alikuwa ameona mtu mwenye maumivu ndani ya gari, na hilo alilijua. Cheche aliinua kichwa akamwambia asante, dereva. Mzee aliitikia kwa kichwa, akageuka kutazama barabara, na geti la reli likafunguka.

Aliishi mwaka na zaidi kidogo baada ya hapo. Mwisho alikuwa hasemi, anakula akilishwa, na kaka alihamia nyumbani kwa wiki kadhaa ili wapokezane. Alifariki asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa chumbani, mmoja akimgeuza na mwingine akibadilisha shuka, kwa hiyo hakuna aliyejua ni pumzi ipi hasa iliyokuwa ya mwisho. Walimalizia kutandika, wakamlaza, ndipo wakakaa chini. Wenzake wa hospitali waliobaki walikuja kumzika, wazee wachache wenye fimbo, na yule rafiki wa bao alisimama karibu na kaburi mpaka watu wote walipoondoka.

Gari walikubaliana limwendee mke wa kaka, aliyekuwa akihangaika na usafiri wa kumpeleka mtoto shule. Alimuuliza wifi yake kama anataka kuutoa mtambo. Cheche akasema aufaidi, akamwonyesha jinsi ya kurudisha sauti, akawaacha waondoke.

Kibandani alirudi wiki iliyofuata, kwa sababu taa za watu hazingojei msiba. Kazi iliendelea vizuri hadi saa sita. Ilipofika saa sita, mikono yake ilianza kukusanya bisibisi yenyewe, kama alivyozoea alipokuwa anakwenda nyumbani kumlisha mzee, na alikuwa ameshafika barabarani kabla hajakumbuka kwamba hakuna wa kulishwa. Akasimama hapo, magari yanampita, asijue aende mbele au arudi. Ilimtokea siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Siku ya nne fundi bodi alikuwa amesimama pale barabarani kabla yake. Alikuwa ameshika mabakuli mawili yaliyofunikwa, na kigoda amekibana kwapani. Alitangulia kurudi kibandani kwa Cheche, akasukuma chaja ya betri pembeni, akaweka mabakuli juu ya benchi, akakaa. Cheche alimfuata. Walikula, na Cheche alipomaliza bakuli lake aliona kwamba ndicho chakula cha kwanza alichokimaliza tangu msiba. Fundi bodi akachukua vyombo, akasema kesho ni zamu ya Cheche kuleta, akarudi kwenye nyundo yake.